Nilikwenda Essaouira Kusikiliza

Hotuba katika usiku wa taarab na mashairi, Tanga

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mashangazi zangu, kina mama, na nyinyi vijana wa vinanda na ngoma mnaosubiri zamu yenu: asalaam aleikum, na wote hamjambo.

Nimeombwa niseme machache juu ya safari yangu ya Moroko kabla muziki haujaanza. Nitaanzia kwenye maswali mawili ambayo kila niliyekutana naye tangu nirudi ameniuliza. La kwanza, ulikwenda na nani? La pili, ulikwenda kufanya nini? Nikijibu kwamba nilikwenda peke yangu, watu huguna. Nikisema nilikwenda kwenye tamasha kusikiliza muziki, huguna zaidi.

Ninawaelewa. Kwetu mtu husafiri kwenda kusoma, kutibiwa, kuhiji, kuchuuza, kuozesha au kuzika. Mwanamuziki naye akisafiri tunamwelewa, maana ameitwa na atalipwa. Lakini msikilizaji? Mwanamke mtu mzima, mwalimu aliyestaafu, achukue fedha ya zamu yake ya upatu, avuke bara lote hili mpaka kwenye Bahari ya Atlantiki, akasimame uwanjani kusikiliza ngoma za watu?

Ndiyo, nilikwenda kwa hilo tu. Na nimesimama hapa kusema kwamba safari ya kusikiliza ni safari kamili, haitaki kisingizio, na natamani wengi hapa Tanga tuifanye, kina mama tukiwamo.

Tena tukumbushane, hii taarab iliyotukusanya leo ni mtoto wa safari kama hizo. Masimulizi ya Unguja yanasema Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Mtu mmoja akaenda ugenini, akakaa chini ya mafundi, akasikiliza, akarudi na sauti ambayo kisiwa hakikuwa nayo. Mwaka 1905 kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kikaundwa, na kipo mpaka leo. Mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alitoka shamba akaja mjini, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi. Na hapa hapa kwetu, vikundi vya Black Star na Lucky Star wasingeingiza gitaa na besi ndani ya taarab kama masikio yao yangeishia kwenye ua wa nyumba. Kwa hiyo mtu akiniambia kusafiri kwa ajili ya muziki ni anasa ya Wazungu, namwomba aangalie vyombo vilivyopangwa nyuma yangu, kisha aniambie kipi kati yake kilizaliwa Tanga.

Sasa, kwa nini Essaouira, mji wa pwani wenye tamasha hilo, na si pengine?

Miaka mingi nyuma nilisikia usiku, kwenye redio ya idhaa ya nje, chombo chenye sauti nzito ambayo sikujua niiweke wapi. Ilikuwa inadunda na kuimba kwa pamoja. Mtangazaji akasema ni gimbri, chombo cha Wagnawa wa Moroko. Jina hilo sikulisahau.

Wagnawa ni watu ambao asili ya wengi wao ni kusini ya Sahara. Wazee wao walitoka kwa Wabambara, kwa Wafulani, kwa Wahausa, wakavushwa jangwa na misafara, wengi wao wakiwa watumwa. Wengine waliingizwa katika jeshi la watu weusi la Sultani Moulay Ismail, aliyetawala kutoka 1672 hadi 1727. Walisilimu, wakazungumza Kiarabu cha huko, wakaoa na kuolewa, lakini ngoma zao hawakuziacha. Ndani ya nyimbo zao mna maneno ya kusini ambayo mengi yake maana yake imepotea na sauti ndiyo imebaki. Na wanayemtukuza kuliko wote, baada ya Mtume, ni Sayyidina Bilal bin Rabah, mwadhini wa kwanza, aliyeonja utumwa kisha akaachwa huru. Zawiya yao mjini Essaouira, yaani nyumba yao ya kukutania kwa ibada, imepewa jina lake, Sidna Bilal.

Vijana wa vinanda, hapa nisikilizeni vizuri. Gimbri ina nyuzi tatu tu. Mwili wake umechongwa kwenye gogo moja, mrefu, umefunikwa ngozi ya ngamia, na nyuzi zake ni za utumbo wa mbuzi. Mpigaji huzidonoa nyuzi, na vidole hivyo hivyo vinapiga ile ngozi, kwa hiyo mtu mmoja anakupa besi na ngoma kwa wakati mmoja. Kwenye ncha ya mpini huchomekwa bamba la chuma lenye vipete, linalia kila nyuzi zinapotikisika. Kumzunguka wanakaa waitikiaji wenye karkabu, vibao vya chuma viwiliviwili katika kila kiganja. Ukisimama karibu, karkabu zinakujaa kichwani mpaka husikii kitu kingine. Kisha baada ya muda, na inataka subira, sikio linapenya chini ya chuma na kuikuta gimbri inatembea huko taratibu, haina haraka na mtu. Kuanzia hapo umeshaingia.

Anayeongoza huitwa maalem, yaani fundi mkuu. Cheo hicho hakipatikani kwa kununua gimbri. Mtu huanza utotoni kwa kucheza na kuitikia, anashika karkabu kwa miaka, anajifunza nyimbo zote na mpangilio wake, na mafundi wenzake ndio wanaomkubali. Mwaka 2015 Maalem Mahmoud Guinia, mwana wa Essaouira, alipanda jukwaa la tamasha akiwa mgonjwa, na mbele ya watu wa mji wake akamkabidhi gimbri mwanawe Houssam. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo akafariki. Watu wa pale bado wanalisimulia tukio hilo, nami nilisimuliwa na muuza sadini za kuchoma bandarini, mwiko mkononi, akiwaacha wateja wengine wasubiri.

Tamasha lenyewe lilianza mwaka 1998, hufanyika mwezi Juni, na majukwaa yake makubwa hayana kiingilio. Hili nalisema kwa furaha kabisa. Uwanja wa Moulay Hassan unaingia mwenye suti na mwenye ndara, mvuvi na waziri, na watoto wamebebwa mabegani. Zipo shughuli za tiketi kwenye nyumba za zamani na kwenye ngome, za watu wachache, na asubuhi kuna kongamano la haki za binadamu ambalo limekuwapo tangu 2012. Lakini moyo wa jambo uko uwanjani, bure. Mji wenyewe hauna watu laki moja, na siku hizo wageni huhesabiwa kwa malaki. Atakayekwenda apange chumba miezi kabla, na kiwe ndani ya ukuta wa mji mkongwe, ili usiku arudi kwa miguu kwenye njia zenye watu.

Safari ya kufika sitaisimulia sana. Ndege mpaka Casablanca, treni mpaka Marrakech, basi mwendo wa saa tatu hivi kuelekea magharibi, na njiani unaona mbuzi wamepanda juu ya miti ya argani wanakula matunda. Ukishuka unapokewa na upepo. Upepo wa Essaouira wakati wa kiangazi ni mkali, hautulii, unabeba mchanga na chumvi. Kanga zangu mbili zilinifaa kuliko koti.

Mji ulijengwa na Sultani Mohammed bin Abdallah kuanzia miaka ya 1760, na mchoro wake ukafanywa na Mfaransa, Théodore Cornut. Zamani Wazungu waliuita Mogador. Kuta zake zinatazama bahari, mizinga bado imepangwa juu yake, nyumba ni nyeupe na milango ya buluu, na boti za wavuvi nazo ni za buluu. Mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja au wa Lamu angejisikia nyumbani kwa jinsi vichochoro vinavyojikunja. Wayahudi waliishi pale kwa wingi pamoja na Waislamu, na mitaa yao bado ipo. Mafundi wa mbao ya thuya wanafanya kazi vibarazani, na harufu ya mbao ile unaitambua kabla hujawaona.

Siku ya ufunguzi makundi yote ya Wagnawa hupita mjini kwa maandamano hadi uwanjani. Ngoma kubwa zinatangulia, zinapigwa kwa fimbo mbili, moja imepinda. Kofia zimeshonewa kauri na zina kishada kirefu, na mchezaji akizungusha kichwa kile kishada kinachora duara juu yake. Nilisimama kwenye kizingiti cha duka. Mama mmoja wa makamo, mgeni kwangu kabisa, alinivuta mkono akanisogeza mbele yake kwa kuwa nilikuwa mfupi kuliko yeye. Akaishika kanga yangu, akaisugua kwa vidole, akaniuliza natoka wapi. Kiarabu changu ni cha madrasa na chake cha mtaani, lakini "Tanzania" alilielewa. Akawatangazia jirani zake. Kuanzia hapo, kila jioni nilipofika uwanjani, nilikuwa na mkeka wa kukaa, upande wa kushoto wa jukwaa, walipokaa familia zenye watoto na chupa za chai.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa ajili ya wale wanaouliza ulikwenda na nani. Ningekwenda na wenzangu, na ninawapenda wenzangu, mkeka ule nisingeupata. Kundi hukaa peke yake, linazungumza lugha yake, linacheka vichekesho vyake. Kila wimbo unawekewa maongezi juu yake: huyu ana njaa, yule miguu inamuuma, mwingine anataka picha. Mtu aliye peke yake watu humwona. Anakaribishwa, anaulizwa, anaonjeshwa. Na kubwa zaidi, anasikiliza mpaka mwisho. Nilimpenda maalem mmoja mzee aliyekuwa na sauti kavu iliyopasuka. Nilipojua atapiga wapi tena, nilimfuata kutoka jukwaa hadi jukwaa, nikayaacha majina makubwa ya wageni kutoka nje, na sikulazimika kumweleza mtu yeyote sababu. Ndani ya siku chache nikaanza kuzitambua nyimbo zake: hii huja kwanza, hii inafuata, hapa ndipo waitikiaji wanaongeza mwendo. Uhuru huo ni mtamu, na nilikuwa sijawahi kuwa nao katika maisha ya kulea na kufundisha.

Sitawaficha upande mwingine. Mwanamke anayetembea peke yake huandamwa na maneno vichochoroni, na wapo vijana wanaokufuata wakidai wanakuonyesha njia. Dawa yangu ilikuwa kusema "la, shukran" bila kupunguza mwendo, na nikiona mtu hasikii, niliingia duka lolote lenye mwanamke ndani na kukaa. Mbele kabisa ya jukwaa, usiku ukikomaa, vijana wanasukumana na si mahali pa mtu mzima. Pasipoti ilikaa tumboni, chini ya nguo. Kila usiku kabla ya kulala nilimwandikia mwanangu kwamba nimeingia chumbani. Hayo yote yanawezekana, mabinti, na hayakunipunguzia chochote.

Nirudi kwenye ngoma. Wazee watakuwa wananingojea hapa, najua. Ngoma ya Wagnawa kwa asili yake si ya jukwaani. Ni ya usiku kucha, nyumbani kwa mtu mwenye shida, na wenyewe huiita lila. Huanza kwa maandamano na ngoma kubwa mlangoni, kisha nyimbo za kuwakumbuka wazee waliovushwa jangwa, kisha katikati ya usiku ubani unachomwa na nyimbo za mizimu zinaingia kwa mpangilio wa rangi, kila kundi la mizimu na rangi yake na harufu yake. Mwanamke anayeitwa mokadema ndiye anayesimamia mambo ya ndani, vitambaa, ubani, na wale waliopandwa. Sasa nani hapa Pwani atasema jambo hili ni geni kwake? Bibi zetu walichezewa ngoma za pepo, wenye ubani, nguo za rangi, na fundi anayejua wimbo wa kila pepo. Kule Ghuba pia, Oman na Bahrain na Kuwait, wapo wenye ngoma za namna hii zilizopelekwa na watu wa Afrika, na nyimbo za lewa, mojawapo ya ngoma za huko, bado zina Kiswahili ndani yake.

Wapo kati yenu wanaosema haya ni ushirikina, na kwa heshima sitabishana. Mimi sikwenda kutibiwa wala kuabudu. Nilikwenda kusikia jinsi watu walioondolewa kila kitu walivyobeba yale ambayo mwenye msafara hakuweza kuyapora. Sisi tunaokaa kwenye pwani hii, jirani na Bagamoyo na Unguja, tunajua biashara ile ilipita wapi. Nilipozisikia zile nyimbo za kuwakumbuka wazee wa jangwani, nililia wazi wazi, na yule mama wa mkeka alinipa kitambaa bila kuniuliza.

Kwa hiyo nina maoni juu ya jukwaa kubwa, na nitayasema. Jukwaa limewapa Wagnawa heshima. Kwa vizazi walidharauliwa, wakaonekana ombaomba wa masokoni. Leo mtoto wa maalem anajivunia ukoo wake, na Desemba 2019 UNESCO ikaiweka sanaa yao kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wanawake nao, ambao hawakuruhusiwa kushika gimbri mbele za watu, wameanza kuishika. Asmaa Hamzaoui wa Casablanca, aliyefundishwa na baba yake Maalem Rachid Hamzaoui, anaongoza kundi lake la wanawake, Bnat Timbouktou, na amepiga katika tamasha hilo hilo. Haya yote ni mema makubwa.

Lakini lila ya usiku kucha ikibanwa ndani ya saa moja, kitu kinakatika. Na ule mchanganyiko wanaoupenda waandaaji, maalem pamoja na wageni wa jazi na roki, mara nyingi ulinikera. Wageni wanafika, wanafanya mazoezi kwa siku chache, kisha usiku saksofoni na ngoma za seti zinaifunika gimbri kabisa na uwanja unashangilia kelele. Pale ulipofanikiwa, mgeni alikuwa amenyamaza kwanza. Mwangalieni mpiga piano wa Marekani Randy Weston: alihamia Moroko mwishoni mwa miaka ya 1960, akakaa Tangier, akawasikiliza Wagnawa kwa miaka. Ndiyo maana alipopiga nao, piano yake ilijua mahali pa kukaa.

Usiku ulio bora kwangu ulikuwa ule wa zawiyani. Ua mdogo, watu wamekaa chini kwenye mazulia, hakuna spika kubwa. Maalem alianza baada ya saa sita na alikuwa hajamaliza alfajiri ilipokaribia. Pale ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza vile vipete vya chuma kwenye mpini wa gimbri, ambavyo uwanjani upepo na umati ulikuwa umevimeza. Niliona bibi wa umri wangu akinyanyuka, akafunikwa kitambaa cha buluu, akacheza mpaka akaanguka mikononi mwa mabinti zake, wakamfuta jasho, wakampa maji ya maua ya mchungwa, naye akakaa akaendelea kuitikia. Hakuna aliyepiga picha. Mimi pia simu yangu ilikuwa imezimwa.

Sasa nyinyi vijana. Najua Moroko ni mbali na nauli yake ni kubwa. Mimi niliilipa kwa upatu wa muda mrefu. Basi anzieni karibu. Kila Februari, pale Ngome Kongwe ya Unguja, Sauti za Busara inakusanya muziki wa bara zima, na imekuwa ikifanya hivyo tangu 2004, ukiondoa 2016 fedha zilipokosekana. Bagamoyo, chuo cha sanaa cha TaSUBa kina tamasha lake. Na ukitaka kuvuka mpaka, mwezi wa Novemba Lamu wana tamasha la utamaduni, lenye mashindano ya majahazi, mbio za punda, mashairi na ngoma za visiwa vyao. Kutoka hapa unapanda basi, unapita Horohoro, unalala Mombasa, kesho yake unaendelea. Nendeni mmoja mmoja. Mkikutana huko, salimianeni, halafu kila mtu akatafute mkeka wake.

Nanyi wazazi, binti akiwaambia anataka kwenda, msimuulize kwanza anakwenda na nani. Muulizeni anakwenda kumsikiliza nani. Akiwa na jibu, msaidieni nauli.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na kweli nimekula muda wa wenye vinanda. Yeyote anayetaka kwenda Lamu mwaka huu na hajawahi kushika pasipoti, anione pale mlangoni muziki ukiisha. Nimekuja na karatasi yenye orodha ya vinavyotakiwa uhamiaji, na kalamu ninayo.

Ahsanteni sana. Vijana, karibuni mpige.